Lugha Haipakiwi: Amri, Mwili na Historia ya Kujifunza Kiswahili katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Ndoto ya kuupakia ujuzi katika ubongo wa mwanadamu kwa mara moja, pasipo mazoezi, imehama kutoka filamu za kubuni na kuingia katika maabara na mijadala ya elimu. Makala haya yanaitazama ndoto hiyo kwa jicho la historia ya lugha. Yanarejelea mpaka wa Busia na Tororo, kati ya Kenya na Uganda, ambako kwa takriban karne moja mambo mawili yamekwenda sambamba: serikali zikijaribu kukiingiza au kukiondoa Kiswahili kwa waraka na amri, na wakazi wakikipata kwa mwili katika reli, kambi, soko na kiti cha baiskeli. Makala yanadai kwamba amri ya lugha ina kasoro ileile ya ndoto ya kupakia ujuzi: huchukulia kuwa kujua kutenda ni sawa na kupewa habari. Hata hivyo, yanaonyesha pia kuwa mazoezi yenyewe hayakuwa ya haki, kwani yaliwaacha nje wanawake wengi na wakati mwingine yalifunzwa kwa kiboko. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa Kiswahili nchini Uganda na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: ujuzi, mwili, sera ya lugha, mpaka, boda boda, Uganda

1.0 Utangulizi

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo ulipokelewa kwa furaha na wadau wa Kiswahili katika ukanda mzima. Ulikuja miezi michache tu baada ya UNESCO, mwezi Novemba 2021, kuitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Hata hivyo, kwa mwanahistoria wa lugha, uamuzi huo ulikuwa na sura inayofahamika. Uganda imewahi kuambiwa izungumze Kiswahili, ikaambiwa iache, kisha ikaambiwa tena izungumze. Kila mara, chombo kilichotumika kilikuwa karatasi.

Swali la makala haya ni hili: kwa nini karatasi hizo zilibadili kidogo sana, ilhali katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Tororo Kiswahili kiliendelea kusikika hata katika miaka ambayo hakikuwa na nafasi darasani? Jibu linalopendekezwa hapa linatokana na mjadala mpana zaidi kuhusu hulka ya ujuzi. Mwaka 1999, filamu ya The Matrix iliwaonyesha watazamaji mtu anayeunganishwa na mashine, na baada ya muda mfupi anafumbua macho akiwa bingwa wa mapigano. Tangu hapo picha hiyo imekuwa kipimo cha matumaini ya watu wengi kuhusu teknolojia ya ubongo. Makala haya yanahoji kwamba mtunga sera anayetarajia taifa lizungumze lugha kwa sababu waraka umetiwa saini anaota ndoto hiyohiyo, hata kama hajawahi kuiona filamu hiyo.

2.0 Habari na Ujuzi: Msingi wa Mjadala

Mwanafalsafa Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alitenganisha kujua kwamba jambo fulani ni kweli na kujua namna ya kutenda jambo. Michael Polanyi, mwaka 1958, aliendeleza hoja hiyo kwa mfano wa baiskeli. Mwendeshaji hubaki wima kwa kurekebisha usukani kulingana na mwelekeo anaoanza kuangukia, lakini walio wengi hawawezi kuieleza kanuni hiyo. Na anayeikariri kanuni hapandi baiskeli kwa sababu ya kuikariri.

Tiba ya ubongo ilithibitisha tofauti hiyo kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953, Henry Molaison, raia wa Marekani, alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibiwa kifafa, na tangu siku hiyo akapoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo. Siku baada ya siku, mkono wa Molaison uliboreka, ingawa kila siku yeye mwenyewe alidhani ndiyo mara yake ya kwanza kulifanya zoezi hilo. Mkono ulijua kile ambacho kumbukumbu yake ya matukio haikukihifadhi.

Majaribio ya karibuni hayajaiondoa tofauti hiyo. Mwaka 2011, Shibata na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti ambao mara nyingi hutajwa kama hatua ya kwanza kuelekea kupakia ujuzi. Washiriki waliboresha uwezo wa kutofautisha mielekeo ya mistari kwa kurejeshewa taarifa kuhusu hali ya ubongo wao wenyewe ndani ya mashine ya kupiga picha. Jambo linalosahaulika ni kwamba walifanya hivyo kwa kurudia zoezi kwa siku kadhaa. Mazoezi hayakuondolewa, yalihamishiwa mahali pengine. Vivyo hivyo, kifaa cha kampuni ya Neuralink, kilichopandikizwa kwa mwanadamu kwa mara ya kwanza Januari 2024, husoma ishara za ubongo ili kusogeza kielekezi cha kompyuta. Hakiingizi ujuzi ndani ya kichwa.

Lugha, kwa upande wake, ni ujuzi wa mwili kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida. Katika eneo linalochunguzwa, jambo hili ni dhahiri. Lugha ya Ateso, ambayo huzungumzwa pande zote mbili za mpaka, kwa asili haina sauti /f/, /v/ wala /z/. Kwa hiyo mzungumzaji wake anapojifunza maneno kama fundi, vitu na zawadi, midomo na ulimi wake hulazimika kuzoea kazi mpya. Aidha, Ateso hugawa nomino kwa jinsia ya kiume, ya kike na isiyo ya ama moja, wakati Kiswahili huzigawa kwa ngeli. Mzungumzaji wa Lusamia, ambayo ni lugha ya Kibantu, huukuta mfumo wa ngeli ukiwa jirani na wake. Mzungumzaji wa Dhopadhola, lugha ya Kiluo inayozungumzwa Tororo, haukuti. Waraka mmoja wa serikali huwafikia watatu hawa kwa siku moja, lakini kila mmoja ana umbali wake wa kutembea.

3.0 Reli, Kambi na Soko

Mpaka wenyewe ni wa juzi. Hadi mwaka 1902, magharibi yote ya Kenya ya leo, pamoja na eneo la Busia, yalikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Katika mwaka huo jimbo hilo lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, na Waiteso na Wasamia wakajikuta wamegawanywa kati ya tawala mbili. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 1997. Upande wa Kenya, Busia ikawa kaunti chini ya Katiba ya 2010.

Kiswahili kilifika eneo hili kikiwa kimebebwa na misafara ya biashara, askari na watumishi wa utawala, lakini reli ndiyo iliyokipa makazi ya kudumu. Ujenzi ulioanzia Mombasa mwaka 1896 ulifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilipitia Eldoret na Malaba hadi Tororo, na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda: tawi moja likielekea Mbale, Soroti na kaskazini, jingine Jinja na Kampala. Mahali pa namna hiyo hukusanya watu wasio na lugha moja, na huwapa kazi isiyosubiri. Mpakiaji wa pamba anayeambiwa “inua”, “shusha” au “ngoja” hujifunza kitenzi pamoja na uzito wa gunia. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi Tororo katika miaka ya 1950 kiliongeza mkusanyiko wa aina hiyohiyo.

Shule ya pili ilikuwa kambi. Katika Kikosi cha Wapigania Mfalme cha Afrika, yaani King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano baina ya askari wa makabila mbalimbali. Amri ya gwaride haiachi nafasi ya kutafsiri akilini; mwili hutii neno kabla ya kulifikiria. Polisi na magereza ziliendeleza desturi hiyo. Ndipo askari aliyestaafu akirudi kijijini Tororo akawa na Kiswahili ambacho mwalimu wa kijiji hakuwa nacho.

Soko lilikuwa shule ya tatu, nayo ilifundisha kwa upole zaidi. Kupatana bei ni mazungumzo mafupi yanayorudiwa mara nyingi kwa siku, yenye malipo ya papo hapo kwa anayeelewa na hasara ya papo hapo kwa asiyeelewa. Ni vigumu kwa mtaalamu wa mitaala kubuni zoezi bora kuliko hilo.

4.0 Karne ya Amri

Mwaka 1927, Gavana William Gowers wa Uganda aliandika waraka uliopendekeza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Himaya. Pendekezo hilo lilipingwa vikali. Kabaka Daudi Chwa alilikataa waziwazi mwaka 1929, na viongozi wa misheni nao waliona Luganda ndiyo inayofaa. Upinzani huo ulikuwa na sababu za kisiasa zinazoeleweka: Kiswahili kilihofiwa kuwa daraja la kuiunganisha Uganda na Kenya iliyotawaliwa na walowezi. Mpango ukafifia.

Mwaka 1952, mwelekeo uligeuzwa rasmi. Kiswahili kilivuliwa hadhi ya kuwa miongoni mwa lugha zinazotambuliwa katika shule za Uganda, isipokuwa katika mazingira ya polisi. Hapa ndipo historia inapotoa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga. Ikiwa ujuzi wa lugha hutoka kwenye waraka, Kiswahili kilipaswa kunyauka. Utafiti wa lugha nchini Uganda ulioongozwa na Ladefoged, Glick na Criper, uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapishwa mwaka 1972, ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya watu walidai wanaweza kufanya mazungumzo kwa Kiswahili. Kiwango hicho kilikuwa karibu na kile cha Luganda, na kiliizidi Kiingereza, lugha iliyokuwa na shule, mitihani na ajira za ofisini nyuma yake.

Mwaka 1973, Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikuambatana na mpango madhubuti wa walimu wala vitabu, na liliifunga lugha kwenye sura ya jeshi lake. Katiba ya 1995 iliitaja Kiingereza pekee kuwa lugha rasmi. Marekebisho ya 2005 yaliongeza Kiswahili kama lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 ulikifanya kuwa cha lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Kisha ukaja uamuzi wa 2022.

Kwa kulinganisha, ng'ambo ya pili ya kizuizi cha Busia, Kenya ilikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Nayo ilikuwa amri. Tofauti ni kwamba iliambatana na walimu, vitabu na vipindi vya kila wiki kwa miaka mingi mfululizo, yaani mazoezi yaliyogharimiwa.

5.0 Boda Boda: Chuo Kisicho na Kuta

Mfano unaounganisha mwili, kazi na lugha kwa ukaribu zaidi katika eneo hili ni baiskeli ya abiria. Simulizi zinazokubalika kwa mapana husema kwamba huduma hii ilianzia katika mpaka wa Busia, katika miaka ya 1960 na 1970, ingawa wenyeji wa Malaba nao hudai heshima hiyo. Kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nchi ya pili palikuwa na masafa ambayo magari ya abiria hayakuruhusiwa kuyapita bila hati. Vijana wenye baiskeli walisimama hapo wakiita “boda, boda”, yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Neno hilo sasa linatumika mbali na Busia, na limehamia kwenye pikipiki, ambazo ziliongezeka Kenya hasa baada ya serikali kuziondolea ndogo kati yake kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008.

Ujuzi wa mwendesha baiskeli wa mpakani una tabaka nyingi. La kwanza ni mizani: kubeba abiria au gunia kwenye keria hubadili kitovu cha uzito, na mwendeshaji aliyezoea baiskeli tupu huanguka kwenye kona ya kwanza. La pili ni njia: kujua mahali penye mchanga, tope na mteremko. La tatu ni hesabu ya shilingi mbili tofauti, ya Kenya na ya Uganda, zinazobadilika thamani. La nne ni lugha: kumtambua abiria kwa salamu yake, kumjibu kwa Lusamia au Ateso ikiwezekana, na kuhamia Kiswahili inaposhindikana. Tabaka hizi hazifundishwi moja baada ya nyingine. Hujengeka pamoja, safari kwa safari, kwa kumtazama aliyetangulia na kulipia makosa kwa goti lililochubuka au nauli iliyopotea.

Historia ya kisiasa iliukaza ujuzi huu. Uchumi wa Uganda ulipoyumba katika miaka ya 1970, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, biashara ya kahawa na bidhaa za dukani ilihamia njia za panya. Uganda nzima ikalizoea neno la Kiswahili la kuitaja: magendo. Hakuna kamati ya istilahi iliyolisambaza. Lilisambazwa na watu waliokuwa wakibeba mizigo usiku na kulazimika kuelewana upesi na kwa sauti ya chini.

6.0 Mipaka ya Mazoezi

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kwa kuwa mwili hufunza vizuri, basi soko na barabara vinatosha. Ushahidi uleule unaoitetea hoja ya mazoezi unaonyesha mapungufu yake matatu.

Kwanza, utafiti wa Ladefoged na wenzake ulionyesha kuwa wanaume waliodai kuzungumza Kiswahili waliwazidi wanawake kwa mbali. Tofauti hii haielezeki kwa vipawa. Behewa, gwaride, kituo cha polisi na baadaye kiti cha baiskeli vilikuwa mahali pa wanaume. Anayenyimwa mahali pa zoezi hunyimwa ujuzi, na hakuna waraka unaoweza kumlipa fidia.

Pili, mwili hujifunza pamoja na lugha mazingira yaliyoileta. Waswahili husema ukupigao ndio ukufunzao. Lakini historia ya Uganda inalazimisha swali la pili: humfunza nini? Kwa Waganda wengi waliopitia miaka ya 1970, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Busia yenyewe ilishuhudia mapigano kati ya vikosi vya Kenya na Uganda mwezi Desemba 1987. Mtu aliyejifunza maneno “lala chini” kwa mtutu wa bunduki ameyajua kikamilifu, na huenda ndiyo sababu hataki mwanawe ayajue. Kusitasita kwa sehemu ya jamii ya Uganda kuhusu Kiswahili hakuondolewi kwa kuelezwa faida za soko la pamoja, kwa kuwa hakukuingia kwa njia ya maelezo.

Tatu, Kiswahili cha zoezi la kazi huishia pale kazi inapoishia. Mwendeshaji hodari wa kupatana nauli huweza kushindwa kusoma fomu ya forodha au kufuata shauri lake mahakamani. Tangu Kituo cha Pamoja cha Mpakani kizinduliwe Busia mwezi Februari 2018, ukaguzi wa nchi mbili hufanyika chini ya paa moja, na sehemu kubwa ya shughuli hiyo hupitia maandishi. Kusoma na kuandika ni ujuzi wa mwili pia, wa jicho na mkono, lakini zoezi lake kwa wengi lina mahali pamoja tu: shuleni.

7.0 Athari kwa Sera

Hoja hizi zina matokeo ya vitendo kwa utekelezaji wa uamuzi wa 2022.

Kwanza, maendeleo yapimwe kwa saa za matumizi. Idadi ya shule zilizopokea agizo ni habari. Idadi ya saa ambazo mwanafunzi wa Tororo anazungumza Kiswahili kwa wiki, na mtu anayemjibu, ndiyo inayokaribia ujuzi. Bajeti ifuate kipimo hicho.

Pili, ukaribu wa mpaka utumiwe. Kenya imewaandaa walimu wa Kiswahili kwa miongo kadhaa, ilhali shule za Uganda zinawahitaji. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ina masharti kuhusu uhuru wa wafanyakazi kuhama baina ya nchi wanachama. Mwalimu anayeishi Busia ya Kenya anaweza kuwa karibu zaidi na darasa la Uganda kuliko mwalimu anayesubiriwa kutoka Kampala. Kinachohitajika ni utambuzi wa vyeti na utaratibu wa malipo.

Tatu, mitihani ijumuishe mazungumzo. Mtihani wa kuandika pekee humpa mwanafunzi sababu ya kukariri ngeli bila kuzizungumza, kama vile kumtahini mwendeshaji baiskeli kwa insha.

Nne, mahali pa mazoezi pafunguliwe kwa wasichana na wanawake, hasa wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka kila siku. Mafunzo yawafuate sokoni, kwa saa zinazolingana na kazi zao, na yaanzie kwenye Kiswahili walicho nacho hadi kusoma risiti na kanuni za forodha.

Tano, programu za tafsiri za simu zipewe nafasi yake halali. Zinaweza kumwokoa msafiri kwa dakika moja na kumsaidia mwanafunzi kuhakiki neno. Zisitumiwe kama kisingizio cha kupunguza walimu, kwa sababu tafsiri iliyo mfukoni haijengi uwezo kinywani.

8.0 Hitimisho

Kiswahili kina bahati ya kutumia kitenzi kimoja, kupakia, kwa mzigo wa lori na kwa faili la kompyuta. Katika Busia na Malaba, ambako malori hupanga foleni, watu wanajua kuwa mzigo uliopakiwa unaweza kupakuliwa. Ndivyo ilivyotokea kwa hadhi ya Kiswahili nchini Uganda: ilipendekezwa 1927, ikaondolewa shuleni 1952, ikatangazwa 1973, ikaachwa 1995, ikarejeshwa 2005. Katika kipindi chote hicho, Kiswahili kilichokuwa kimekwisha kuingia katika vinywa vya wapakiaji, askari, wachuuzi na waendesha baiskeli hakikupakuliwa na yeyote.

Uamuzi wa 2022 unaweza kuwa waraka mwingine katika orodha hiyo, au unaweza kuwa wa kwanza kugharimia mazoezi unayoyadai. Tofauti itaonekana katika saa, walimu na mahali, na itasikika kwanza mpakani, pale ambapo msichana wa Tororo atakapoweza kulihoji kwa Kiswahili kosa lililo katika hati yake ya forodha, na akasikilizwa.